Chokaa ya Ukutani

Nilikuwa nakwangua ukuta wa jikoni kwa ukucha
alfajiri, kabla Bi Hermila hajaamka,
nikilamba ule unga mweupe kama mwizi wa sukari.
Mwezi wa tatu. Mimba ilikuwa siri ya watu wawili,
ila ukuta ulishatoboka,
na tundu halijui kutunza siri.

Akaniona.
Hakugomba. Alipanua kinywa
akanionyesha magofu: meno manne,
mawili yasiyotazamana.
"Kila mtoto alitoka na lake," akasema.
"Huyu mumeo Aurelio hakutosheka na moja.
Haya, na wewe hesabu yako imeanza."

Nikashuka mlima saa mbili na nusu za matope
hadi zahanati, ulimi ukipapasa meno yangu
moja moja, kama mtu anayeaga.

Muuguzi Zoraida alicheka, kisha akaacha kucheka.
"Mtoto haibi meno. Akipungukiwa
hukopa kwenye mifupa yako.
Mkweo aliangushwa na fizi,
zilivuja damu miaka na miaka na hakuna aliyemuuliza,
na matapishi ya asubuhi yakilala mdomoni hadi mchana.
Wewe ukitapika, sukutua kwanza,
maji na chembe ya soda ya kuokea mikate.
Mswaki usubiri."

Akageuza bahasha ya vidonge, akachora taya,
akadonoa nukta kwa kalamu: kumi juu, kumi chini.
"Haya yalianza kuchipua wiki ya sita,
ulipodhani ni maharage yaliyochacha.
Mwezi wa nne ndio huu unaingia.
Sasa yanaanza kuvaa ugumu."

Ishirini!
Mtu hana jina, hana hata kope,
na tayari ana cha kuniumia.

"Na ukuta uache," akasema bila kuniangalia.
"Rangi za zamani zina sumu.
Chokaa yako iko chunguni."

Nikarudi nikakitazama chungu
kama mgeni wa nyumba ile.
Mahindi yamelala usiku kucha katika maji ya chokaa,
maganda yanavuka, punje zimenona,
na harufu ile, ya mvua juu ya jiwe,
ndiyo niliyokuwa nikiitafuta ukutani!
Bibi wa bibi zetu hawakuiita dawa.
Waliiita chakula cha jioni, wakapanga foleni.

Basi nala.
Tortila tatu, na ya nne ninayojifanya sikuihesabu.
Mchicha wa porini unaoota kando ya shamba la kahawa,
jibini la mbuzi wa jirani, lenye chumvi kama kilio,
sadini wa kopo na miiba yao laini,
panzi waliokaangwa kwa ndimu, wanaokwama menoni.
Saa nne nakaa juani, mikono nje ya shali,
kuku wakinizunguka kana kwamba nimetaga.

Aurelio alirudi kutoka kiwanda cha mbao
na kreti zima la soda nyekundu begani,
zawadi, jasho limemlowesha hadi mkanda.
Ningemwambiaje?
Nilikunywa moja. Ilikuwa tamu mno.
Zilizobaki tuliwapa waliokuja kuezeka paa.

Bi Hermila ameliziba tundu kwa udongo
na hajalitaja tena.
Ila kila jioni tortila ya kwanza, ile yenye moshi,
huiweka upande wangu, anauliza,
"Leo tumefika jino la ngapi?"
Nataja namba yoyote. Anatikisa kichwa kama mhasibu.

Jana nilikuwa na miadi kwa Zoraida.
Nikamkuta yuko mlangoni, amevaa viatu vya kanisani,
anasema njia ina utelezi, atanisindikiza.
Saa mbili na nusu za matope, hakusema neno,
na mkono wake, njia nzima,
haukutoka shavuni.